Kijana wa Shinyanga Aliyeingia Katika Kila Sebule

Ndugu msomaji, ukimwuliza mtu wa Dar es Salaam au wa Tanga ni kitu gani kitokacho Shinyanga, jibu lake halitachelewa: atakutajia almasi ya Mwadui, pamba, ng'ombe, na mchele. Akiwa msafiri wa siku nyingi ataongeza na stesheni ya reli ya Mwanza, ambako abiria huamka usingizini kutazama wauza karanga. Ni wachache mno watakaokutajia mwigizaji. Hata hivyo, yumkini hapakuwa na kitu kutoka Shinyanga kilichoingia katika sebule nyingi za Afrika Mashariki, kati ya mwaka 2002 na mwaka 2012, kuliko sura ya kijana mmoja aliyezaliwa huko, Steven Charles Kanumba.

Watu wengi humkumbuka kwa kifo chake, kwa kuwa kifo hicho kilikuja ghafula na kikaacha kesi na minong'ono. Mimi nakuomba leo umtazame mtu huyu akiwa kazini. Alikuwa mfanyakazi kama wewe, mwenye zana zake na saa zake za kazi; na kazi yenyewe, hapana budi tukiri, ni moja ya zile ambazo wananchi huzifurahia jioni na kuzidharau asubuhi.

Kanumba alizaliwa tarehe 8 Januari 1984, baba yake akiwa Msukuma. Alisoma katika Shule ya Msingi Bugoyi, mjini Shinyanga, kisha akaanza masomo ya sekondari Mwadui kabla ya kuhamia Dar es Salaam, ambako alisoma Vosa Mission na baadaye Jitegemee. Mwadui si mahali pa kupitwa hivi hivi. Ni mji wa mgodi, uliowekewa uzio tangu zama za Mkanada John Williamson, aliyegundua almasi pale mwaka 1940. Mwaka 1947 ilichimbwa huko almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, ikapelekwa Uingereza kuwa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth. Wasukuma wengi waliozaliwa na kufa kando ya uzio ule hawakupata kuiona almasi hiyo hata kwa picha. Kitu kilichotoka Shinyanga baadaye, ambacho kila mtu aliweza kukiona kwa kukodi kwa siku moja, kilikuwa ni mchezo wa sinema.

Wala msidhani kwamba kijana wa Kisukuma anayetaka kuchezea umati anaanza bila walimu. Usukumani, mavuno yakiisha, ngoma hushindanishwa. Kuna Bagika na kuna Bagalu, pande mbili ambazo asili yake husimuliwa kwa majina ya mafundi wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Siku ya mashindano pande hizo huanza kucheza kwa wakati mmoja, kila mmoja uwanjani kwake, na hakuna mwamuzi mwenye filimbi. Mwamuzi ni watazamaji wenyewe: upande unaovuta watu wengi ndio ulioshinda, na upande ulioachwa peke yake hukusanya ngoma zake kwa haya. Ndiyo maana mafundi wakabuni kila hila ya kumshika mtazamaji. Wako Bayeye wanaocheza na nyoka, na wako wengine wanaopanda juu ya miti mirefu ya kutembelea. Sisemi kwamba Kanumba alicheza na chatu. Nasema tu kwamba alitoka mahali ambapo mtu hujua tangu utotoni kuwa mtazamaji ana miguu, na kwamba asiporidhika ataondoka.

Hebu turudi nyuma kidogo, ili uone mlango alioupitia ulifunguliwa na nani. Sinema ya Kiswahili hapa kwetu ni ya zamani kuliko vijana wanavyodhani. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilitengeneza michezo ya kufundisha na kuburudisha, na mmoja wa waigizaji wake wakuu alikuwa kijana mtumishi wa maendeleo ya jamii aitwaye Rashidi Mfaume Kawawa. Naam, ni yule yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Alicheza katika Muhogo Mchungu na katika Chalo Amerudi. (Miaka mingi baadaye alitokea mwigizaji wa vichekesho aliyejulikana kwa jina hilo hilo la Muhogo Mchungu, na watoto wengi walicheka bila kujua jina hilo limetembea kutoka wapi.) Baada ya Uhuru, mwaka 1968, likaundwa Shirika la Filamu Tanzania, lililotuachia Fimbo ya Mnyonge, na katika mwaka 1985 ikaonekana Arusi ya Mariamu. Lakini kutengeneza filamu kwa utepe wa sinema ni ghali, na shirika lilitoa michezo ya kuhesabika kwa vidole.

Televisheni nayo ilichelewa. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, ilhali Bara tulingoja hadi mwaka 1994 vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Vituo hivyo vilihitaji kitu cha kuonyesha kwa Kiswahili. Hapo ndipo vikundi vya maigizo vya mitaani vilipopata nafasi, na maarufu kuliko vyote kikawa Kaole, kilichochukua jina la magofu ya kale yaliyo karibu na Bagamoyo. Kama ulikuwa Dar es Salaam, Mwanza au Arusha mwanzoni mwa miaka ya 2000, unakumbuka vizuri: saa ya Kaole kwenye ITV ilipofika, jirani mwenye televisheni alipata wageni ambao hakuwaalika, na viatu mlangoni vilizidi idadi ya viti.

Kanumba alijiunga na Kaole mwaka 2002, akaonekana katika michezo ya mfululizo kama Jahazi na Dira. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo alipojifunzia kazi. Katika kikundi cha namna ile hakuna aliye peke yake. Wapo wazee waliokwisha kukomaa katika nafasi moja, mpaka nafasi hiyo ikawa jina lao. Marehemu Fundi Said, tuliyemfahamu kama Mzee Kipara, aliyefariki Januari 2012, akiingia tu kwenye picha ulijua kuna jambo la mizimu au la mji mkongwe linalokuja. Fatuma Makongoro, yaani Bi Mwenda, aliwatia watoto hofu kwa kucheza bibi mchawi kiasi kwamba nina hakika wapo waliokataa kumwamkia bibi yao mzaa mama kwa sababu yake. Watu hawa ndio chumvi ya mchezo. Mwigizaji kijana, mzuri wa sura, akisimama mbele ya mzee wa aina hiyo, ana mambo mawili ya kuchagua: ama ajifunze kusikiliza, ama amezwe. Ukiitazama michezo ya Kanumba ya baadaye, uangalie anavyofanya wakati mwenzake anaposema. Hageuki kutafuta kamera. Anasikiliza. Kwangu mimi hiyo ndiyo alama ya shule aliyotoka.

Kisha ikaja biashara ya sinema za video, ambayo watu waliipa jina la Bongo Movie. Mwaka 2003 ilitoka Girlfriend, chini ya uongozi wa George Tyson, na wengine wakaona kuwa jambo hili linawezekana. Kamera moja au mbili, nyumba ya kuazima yenye sebule nzuri, gari la kuazima lenye kioo cha giza, siku chache za kupiga picha, na mchezo umekwisha. Ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kila moja kwenye sahani yake, ili mnunuzi arudi dukani Kariakoo kwa hamu ya kujua kama yule mwanamke atasamehewa. Lililouza sahani lilikuwa ni karatasi la juu, na lililouza karatasi lilikuwa ni sura. Sura ya Kanumba, pamoja na ya rafiki yake Vincent Kigosi, yaani Ray, na ya Blandina Chagula, aliyeitwa Johari, ziliuza kuliko nyingi. Watatu hao walitoka Kaole, na mchezo uitwao Johari uliwaweka kwenye midomo ya watu.

Mwaka 2006 Kanumba alikwenda Nigeria. Safari hiyo ilizaa Dar 2 Lagos, aliyocheza pamoja na Mercy Johnson. Kumbuka kwamba wakati ule nyumba zetu zilikuwa zimejaa michezo ya Wanigeria: wafalme wa vijijini, mama wakwe wenye hila, wachungaji na majini. Katika vibanda vya video mfasiri alikaa na kipaza sauti akiieleza kwa Kiswahili, na mara nyingi aliongeza maneno yake ya kuchekesha ambayo Mnigeria mwenyewe hakupata kuyatamka. Badala ya kulalamika kwamba wageni wameteka soko, Kanumba na watayarishaji wake walikwenda kwa hao wageni, wakawaleta ndani ya hadithi zetu. Baadaye alicheza na Nkiru Sylvanus, na mwaka 2011 na Ramsey Nouah katika Devil Kingdom. Kwa hesabu ya biashara ilikuwa akili. Kwa hesabu ya sanaa, maoni yangu ni kwamba ilileta faida na hasara. Tulipata taa bora na ujasiri. Tukapata pia majini mengi kuliko tuliyohitaji.

Aliyatenda haya yote kwa bidii ya kutisha. Oprah, Uncle JJ, This Is It, Big Daddy, Village Pastor, Young Billionaire, Moses: hizo ni baadhi tu. Utaona majina yote ni ya Kiingereza ilhali mazungumzo ndani yake ni ya Kiswahili. Jambo hili lilinikera wakati ule na linanikera hata sasa. Mama anayeuza maandazi Ngokolo, Shinyanga, anamwomba muuza duka mchezo ambao jina lake hawezi kulitamka, na mchezo wenyewe unamhusu yeye: ndoa, urithi, mtoto wa kambo, mume aliyeshikwa na mji. Watayarishaji walijitetea kwamba jina la Kiingereza huuza nje ya mipaka, na maandishi ya Kiingereza chini ya picha yaliwekwa kwa sababu hiyo hiyo. Huenda ni kweli. Lakini Lubumbashi, Bujumbura na Mombasa waliipenda michezo hiyo kwa Kiswahili chake.

Na hapa ndipo tunapofika kwenye jambo lililomuumiza. Mwaka 2009 alialikwa Afrika Kusini kuwa mgeni katika nyumba ya Big Brother, ile michezo ya televisheni inayotazamwa Afrika nzima. Huko lugha ni Kiingereza, na Kiingereza chake kilikuwa cha kijana wa kawaida aliyesomea shule zetu. Aliporudi alichekwa. Magazeti yalicheka, redio zilicheka, vijana kwenye vijiwe waliigiza matamshi yake. Nakuomba, msomaji, ufikirie kidogo juu ya kicheko hicho. Waliocheka hawakuwa Waingereza. Walikuwa ni watu waliokaa kwenye madawati yale yale, wengi wao wasingeweza kusema sentensi tatu mbele ya kamera. Kama ulikuwa miongoni mwao, hukuwa peke yako. Yeye hakujificha, aliendelea na kazi, na michezo yake mikubwa ya miaka miwili mitatu iliyofuata ndiyo iliyomweka juu ya wenzake.

Nani walimtazama? Walimtazama wafanyakazi wa ofisini na dada wa kazi, mara nyingi katika chumba kimoja, jambo ambalo si dogo. Walimtazama pia wachimbaji wadogo katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Kahama, ambako migodi mikubwa ilifunguliwa kuanzia mwaka 2000, na kando yake machimbo ya watu wenye sululu na karai yakawa yanahama hama. Mahali pa namna ile kibanda cha video huanza mapema: jenereta, televisheni, mabenchi, turubai la kuzuia mwanga. Mchimbaji aliyeacha mke na watoto mbali, ambaye hajui kama shimo litampa kitu, huketi pale jioni na kutazama hadithi ya baba aliyesahau nyumbani. Wapo waliotoka nje kabla ya mwisho, si kwa sababu mchezo ulikuwa mbaya.

Katika Uncle JJ na This Is It alicheza pamoja na watoto wadogo, na hapo alionyesha upande ambao mashabiki wa mapenzi hawakuutarajia: uchekeshaji, subira, na kukubali mtoto aibe tukio zima. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yake iliyo bora. Kulia mbele ya kamera alikuwa hodari, lakini machozi ni rahisi kuliko kumwachia nafasi mtoto wa miaka michache.

Sasa tuzungumze fedha, maana mfanyakazi hawezi kuzungumziwa bila ujira wake. Mtindo uliotawala biashara ile ulikuwa huu: mtayarishaji, baada ya kumaliza mchezo, aliuuza kwa msambazaji pamoja na haki zake zote, kwa fedha za mkupuo mmoja. Baada ya hapo sahani ziuzwe elfu moja au laki moja, zionyeshwe kwenye basi la Mwanza au kwenye televisheni ya nchi ya jirani, mwigizaji hakuwa na chake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, na chama cha kuisimamia, COSOTA, kikaundwa. Lakini sheria na mkataba uliokwisha kutiwa sahihi ni vitu viwili. Kanumba alijaribu kujinasua kwa kuanzisha kampuni yake mwenyewe, Kanumba The Great, ili awe mtengenezaji na si kibarua tu.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Huko Australia alikuwapo mwigizaji aitwaye Chips Rafferty, aliyezaliwa mwaka 1909 katika Broken Hill, mji wa migodi ya fedha na risasi, katikati ya nchi kavu kama Kishapu. Alikuwa mtu mrefu mwembamba, si mzuri wa sura, na umaarufu wake ulitokana na kuigiza watu wa kwao: wachunga ng'ombe, askari, wanywaji wa baa. Wageni walipokuja kutengeneza sinema nchini mwake walimkodi yeye, kisha wakaondoka na faida. Naye, katika miaka ya 1950, akishirikiana na mwongozaji Lee Robinson, akaunda kampuni yao ili Waaustralia wajitengenezee michezo yao. Kampuni haikudumu; Rafferty akarudi kuajiriwa mpaka alipofariki mwaka 1971. Kati ya Broken Hill na Mwadui kuna bahari nzima, lakini mwana wa mgodi anajua tofauti ya kuchimba na kumiliki.

Kwetu, aliyeisema tofauti hiyo kwa uchungu kuliko wote alikuwa Amri Athumani wa Tanga, yaani King Majuto, aliyeanza kuigiza angali mtoto mwaka 1958. Mwaka 2018, akiwa mgonjwa, suala la mikataba iliyomnyima haki likafika kwa Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo, Dakta Harrison Mwakyembe, naye akaunda kamati ya kuipitia mikataba ya wasanii. Majuto alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti mwaka huo huo.

Kanumba hakuishi kuona kamati wala stempu za kodi zilizobandikwa kwenye sahani kuanzia mwaka 2013. Alifariki nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam, usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012, Jumamosi ya Pasaka, akiwa na umri wa miaka 28. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilimtia hatiani mwigizaji mwenzake kwa kuua bila kukusudia, ikampa kifungo cha miaka 2. Mahakama ilikwisha kusema lake, nami sitaongeza.

Jumanne ya tarehe 10 Aprili watu walikusanyika Leaders Club, Kinondoni. Makamu wa Rais, Dakta Mohamed Gharib Bilal, alikuwapo. Walikuwapo mawaziri na waigizaji. Lakini walio wengi hawakuwa na kadi ya mwaliko. Walikuwa ni wauza maji, makondakta, wanafunzi, akina mama wenye kanga, maelfu kwa maelfu, hata utaratibu wa kuuaga mwili ukashindikana kumalizika. Wengine walizimia. Wapo wasomi walioshangaa kwamba mwigizaji wa video amelizwa hivyo. Mimi sikushangaa. Mtu aliyekaa nawe sebuleni kwa miaka kumi, akagombana, akaoa, akafilisika na kutubu mbele ya watoto wako, huwezi kumwita mgeni.

Alizikwa siku hiyo hiyo katika makaburi ya Kinondoni. Biashara ya sinema za sahani ilidhoofika katika miaka iliyofuata, na watu husema ni kwa sababu yeye hayupo. Hiyo ni heshima kubwa kwake lakini si hesabu kamili. Sahani bandia, simu za mkononi na tamthilia za nje zilizotiwa sauti za Kiswahili zilikuwa njiani hata kama angeishi. Michezo aliyokuwa ameimaliza iliendelea kutoka. Ndoa Yangu iliwafikia wanunuzi akiwa kaburini, na katika nyumba nyingi sahani ilipowekwa na sura yake kutokea, kuna mtu aliyenyanyuka kupunguza sauti, kama ifanywavyo panapokuwa na msiba.